Daktari Livingstone na Mto Rusizi: Tuipime Sauti Tunayoisikia



Katika makazi yetu kuna neno linalosikika sana: Mungu ameniambia. Baba anaitangazia familia kwamba Mungu amemwambia warudi Rumonge, na mama anajibu kwamba yeye ameambiwa wabaki. Kijana anamwendea binti wa kwaya na kusema ameonyeshwa kuwa huyo ndiye mke wake. Ndugu wa tumbo moja wanagombania shamba la michikichi aliloliacha marehemu baba yao kule pwani, na kila mmoja anasema ameomba na kujibiwa. Je, Mungu wetu ana ndimi mbili? Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi. Lakini tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi tulilisikia jina lake shuleni, naye alipita katika ziwa letu akipiga kambi kwenye fukwe zetu: Daktari David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya watu maskini waliomcha Mungu. Akiwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba, toka alfajiri hadi usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, naye alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine ili asome huku akifanya kazi. Watoto wetu wanaosoma kwa mwanga wa kibatari watamwelewa.

Alipokuwa kijana aliamini kwamba Mungu anamwita awe mganga na mmisionari katika nchi ya China. Akajifunza udaktari kwa ajili hiyo. Lakini mwaka 1839 vita vilizuka kati ya Uingereza na China, na mlango ukafungwa. Je, alikuwa amesikia vibaya? Wito ulikuwa wa kweli, ila mahali palikuwa pengine. Alikutana na Robert Moffat, mmisionari wa Afrika ya Kusini, aliyemweleza habari za vijiji vingi ambavyo Injili haikuwa imefika. Mwaka 1841 Livingstone alitua Afrika. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: mlango ukifungwa, tusikimbilie kusema Mungu ameniacha. Huenda anatugeuza njia tu.

Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa Moffat. Ndugu zetu, katika jambo hili hatutaficha ukweli, kwa maana hata Biblia haikuficha makosa ya Daudi. Livingstone aliisikia sana sauti ya kwenda mbali, lakini sauti ya nyumbani kwake hakuisikia sawasawa. Alimvusha mkewe mja mzito katika jangwa la Kalahari pamoja na watoto wadogo, na mtoto aliyezaliwa baada ya safari hiyo alifariki. Mwaka 1852 aliwapeleka Uingereza, nao wakaishi kwa shida zaidi ya miaka minne bila baba. Mary alifariki mwaka 1862 kando ya mto Zambezi. Mwana wao Robert alikwenda Marekani, akaingia katika vita vya huko kwa jina lisilo lake, na akafa mfungwa mwaka 1864. Katika uzee wake Livingstone alijuta kwamba hakucheza na watoto wake walipokuwa wadogo.

Akina baba, tuzingatie hapo. Mungu anayesema mlimani ndiye pia anayesema kwa kilio cha mtoto na kwa ukimya wa mama anayepika uji bila sukari. Asiyemsikiza mke wake, na asijihakikishie kwamba amemsikia Bwana.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, kutafuta chanzo cha mto Nile na kuyaanika maovu ya biashara ya watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe huko Kongo, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakiwapiga risasi wanawake na watoto waliokuja kuuza bidhaa zao. Wengi walikufa maji wakijaribu kuvuka mto. Sisi tuliokimbia tunajua mtu anabeba nini moyoni baada ya kuona mambo ya namna hiyo. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, na huko akakuta kwamba mali aliyotumiwa imeuzwa yote na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Akawa mtu wa kungoja chakula cha wengine. Akajiona kama yule mtu wa njia ya Yeriko katika Luka 10.

Mwishoni mwa mwaka huo alifika Msamaria wake, Henry Stanley. Hakuwa mchungaji, wala hakuwa mtu wa maombi. Alikuwa mwandishi wa gazeti aliyetumwa kutafuta habari. Hata hivyo mkononi mwake kulikuwa na chakula, dawa na barua. Ni mara ngapi tumeomba jibu kutoka mbinguni, tukamdharau mtu aliyelileta kwa sababu si wa kanisa letu?

Mwezi Novemba 1871 wawili hao waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakakata maji kuelekea kaskazini, wakifuata pwani ya Burundi, zile fukwe ambazo wazee wetu walivulia mukeke na kuanika ndagala. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, wapo mawe makubwa, na juu ya moja yamechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Hapo walipokelewa na chifu Mukamba.

Walikuwa wanatafuta nini? Walitaka kujua habari za mto Rusizi. Wengine walisema unatoka ziwani, wengine walisema unaingia. Livingstone mwenyewe alidhani kwamba ziwa linatoa maji upande wa kaskazini kwenda Nile, na dhana hiyo ilimpendeza sana. Stanley alimshauri waende wakaone. Walipofika kwenye mdomo wa mto, wakaona maji yanaingia ziwani. Mzee huyo mwenye sifa duniani kote akakubali kwamba Rusizi si mto aliokuwa akiutafuta.

Tunawaomba mlishike jambo hili. Paulo katika 1 Wathesalonike 5:21 anatuagiza tujaribu mambo yote. Sauti ikikuambia jambo unalolipenda tayari, usiishie hapo. Panda mtumbwi ukaone maji yanakwenda wapi. Je, inapatana na Neno? Je, inaleta upendo au inavunja nyumba? Je, wazee wa kanisa wakiombea wanaona vivyo hivyo? Anayekataa kupimwa anaogopa nini?

Livingstone hakuwa sahihi katika yote. Aliendelea kutumaini kwamba mto Lualaba ndio Nile. Baada ya kifo chake ilijulikana kwamba ni mto Kongo. Lakini katika miezi minne ambayo Stanley aliishi naye, alibadilika moyo kwa kumtazama tu. Mzee hakumhubiria kwa nguvu. Aliona uvumilivu wake, upole wake kwa watumishi, na maombi yake ya kila siku. Jirani yako huenda haisikii sauti ya Mungu madhabahuni, ila anaisikia unapopanga foleni ya maji bila kusukuma.

Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo katika nchi ya Zambia ya leo, wenzake walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna bwana aliyewalazimisha. Mwezi mmoja tu baada ya kifo chake soko la watumwa la Unguja lilifungwa, naye hakuliona. Alikosea kuhusu mto. Kuhusu watumwa alisikia sawasawa.

Basi wiki hii kila familia ikae pamoja jioni moja. Kabla ya mtu yeyote kusema Mungu ameniambia, aanze kwa kuuliza: ninyi mmesikia nini? Na ambaye huwa hasemi, awe wa kwanza kusikilizwa.

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.