Fridtjof Nansen

Fridtjof Nansen (10 Oktoba 1861 – 13 Mei 1930) alikuwa mpelelezi, mwanasayansi na mwanadiplomasia kutoka Norwei. Mwaka 1888 aliongoza kundi la kwanza la watu waliovuka bara la barafu la Greenland, na safari hiyo ilieneza matumizi ya skii nje ya nchi za kaskazini mwa Ulaya. Baadaye alikuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922.

Maisha ya awali

Alizaliwa Store Frøen, karibu na Christiania (leo Oslo). Baba yake, Baldur Nansen, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Adelaide, alikuwa mwenyewe hodari wa skii, na watoto walizoea theluji mapema. Nansen aliingia chuo kikuu kusoma zoolojia. Mwaka 1882 alisafiri na meli ya wawinda sili, na akiwa ndani yake aliuona kwa mbali ufuko wa mashariki wa Greenland. Mwaka huohuo aliajiriwa na jumba la makumbusho la Bergen, alikofanya utafiti wa mishipa ya fahamu uliompatia shahada ya udaktari mwaka 1888.

Skii ni jozi ya mbao ndefu na nyembamba, zilizopinda juu upande wa mbele, zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji badala ya kuzama. Wengi huzijua kama chombo cha mchezo, lakini kwa Wanorwei wa zamani zilikuwa usafiri wa kawaida wa majira ya baridi. Katika majira ya baridi ya 1884 Nansen alivuka milima kwa skii kutoka Bergen hadi Christiania ili kushiriki mashindano, kisha akarudi kwa skii.

Safari ya Greenland na uchaguzi wa skii

Wapelelezi waliotangulia walianza upande wa magharibi wa Greenland, penye makazi, wakaingia barafuni na kurudi. Nansen aliamua kuanzia mashariki, upande ambao karibu haukuwa na watu. Wakishaanza kupanda wangekuwa hawana pa kurudi, kwani chakula na meli vilikuwa ng'ambo ya pili. Wengi nchini kwake waliona ni wazimu.

Kwa kuwa kila kitu kilitegemea mwendo, vipimo vya skii vilikuwa suala la uhai. Skii ndefu na pana hutawanya uzito wa mtu, hivyo hazizami katika theluji laini, na huteleza vizuri kwenye uwanda. Lakini ni nzito, na ni vigumu kuzigeuza mtelemkoni. Skii fupi hugeuka kwa urahisi ila huzama. Katika baadhi ya wilaya za Norwei wawindaji walivaa skii zisizolingana, moja ndefu sana ya kutelezea na nyingine fupi ya kusukumia. Mafundi wa Telemark, ambako Sondre Norheim alipata sifa, walitengeneza jozi inayolingana, fupi kiasi na nyembamba katikati kama kiuno, ili mtu aweze kukata kona.

Nansen alichagua kipimo cha kati. Skii zake zilikuwa na urefu wa takriban sentimita 230, upana wa zaidi kidogo ya sentimita 9 mbele na 8 chini ya mguu. Jozi moja iliikanyaga theluji kwa eneo la takriban sentimita za mraba 3,700, wakati nyayo mbili za viatu hazifiki 700. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutembea juu ya theluji na kuzama hadi magotini. Upande wa chini ulichongwa mifereji midogo ili skii iende moja kwa moja bila kuyumba. Jozi nyingine zilikuwa za mwaloni. Nyingine zilikuwa za mbao za betula, zenye bati jembamba la chuma kwa ajili ya theluji yenye maji, na kipande cha ngozi yenye manyoya chini ya wayo ili mtu asirudi nyuma anapovuta mzigo. Walichukua pia viatu vya theluji vilivyofumwa kama wavu, kwa ajili ya kupanda.

Kundi lilikuwa la watu sita: Nansen, Otto Sverdrup, Oluf Dietrichson, Kristian Kristiansen Trana, na Wasami wawili, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Tarehe 17 Julai 1888 waliiacha meli kwa mashua, lakini vipande vya barafu viliwachukua kusini kwa siku 12 kabla ya kufika nchi kavu. Ilibidi wapige makasia kurudi kaskazini. Walianza kupanda tarehe 15 Agosti wakivuta sleji (magari yasiyo na magurudumu) zenye mzigo wa takriban kilo 100 kila moja.

Mwanzoni skii zilikuwa mzigo tu, kwa sababu barafu ya pwani ilikuwa na mwinuko mkali na nyufa. Zilianza kutumika Septemba walipofika uwanda wa juu, wenye theluji laini, na kuanzia hapo wasingeweza kuendelea bila hizo. Walipita kimo cha mita 2,719, na usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. Upepo ulipofaa walizifunga sleji tanga. Karibu na bahari Nansen na Sverdrup waliunda mashua ndogo kwa matawi na turubai, wakafika Godthåb (leo Nuuk) tarehe 3 Oktoba. Meli ya mwisho ilikuwa imeondoka, hivyo walikaa huko hadi mwaka uliofuata.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1890, kilisomwa kote Ulaya. Huko Austria msomaji mmoja, Mathias Zdarsky, aliagiza skii kutoka Norwei, akaona ni ndefu mno kwa milima mikali ya Alpi. Alizifupisha na kuondoa mfereji. Kipimo kilichofaa uwanda wa Greenland hakikufaa huko.

Fram

Mwaka 1893 Nansen aliiacha meli yake Fram igandishwe makusudi katika Bahari ya Aktiki ili ichukuliwe na mkondo. Machi 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliondoka kwa skii na mbwa, wakafika latitudo 86°14′ kaskazini, mbali kuliko yeyote kabla yao. Walirudi salama mwaka 1896.

Wakimbizi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia kurudishwa makwao kwa wafungwa wa vita zaidi ya 400,000. Mwaka 1922 ilianzishwa hati iliyoitwa pasipoti ya Nansen, iliyowawezesha watu wasio na uraia kuvuka mipaka kihalali. Alifariki nyumbani kwake Lysaker mwaka 1930.

Tangu 1954 Umoja wa Mataifa hutoa tuzo yenye jina lake kwa waliowatumikia wakimbizi. Mwaka 1983 ilipewa Julius Nyerere, rais wa Tanzania. Wakati huo nchi yake ilihifadhi wakimbizi wengi, wakiwemo vijana wa Afrika Kusini waliosoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyojengwa kwa misaada ya nchi mbalimbali, Norwei ikiwa mojawapo.