Jason Sendwe: muuguzi aliyeacha jina hospitalini

Lubumbashi, mtu akisema mama yake amelazwa Sendwe, hakuna anayeuliza ni wapi. Ni hospitali kuu ya mji. Wengi wanaopita kwenye mlango wake hawajui tena kwamba Sendwe alikuwa mtu, tena mtu wa kazi hiyohiyo ya kuhudumia wagonjwa.

Jason Sendwe alizaliwa 1917 kijijini Mwanya, katika teritware ya Kabongo, kwenye jamaa ya Waluba wa Katanga. Alisoma katika shule za misioni ya Wametodisti, kisha akajifunza uuguzi. Udaktari wenyewe haukuwezekana: ukoloni wa Ubelgiji haukuwa umefungua nchini chuo kikuu ambamo kijana mweusi wa wakati wake angeusomea. Hata siku ya uhuru, 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Basi Sendwe akawa muuguzi, akafundisha, akahubiri pia kanisani.

Moyo wake mwingine ulikuwa katika mashirika ya ndugu. Miaka ile Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, ilijaa watu waliokuja kutafuta kazi ya Union Minière na ya reli. Mgeni alipokosa pa kulala, au msiba ulipoingia, watu wa kwao ndio waliochanga. Vyama vya siasa havikuwa vimeruhusiwa bado. Mashirika hayo yalikuwa mahali ambapo mtu mweusi angeweza kusimama mbele ya wenzake na kuongoza. Mwaka 1957 Sendwe akaanzisha shirika kuu la Waluba wa Katanga, BALUBAKAT, ambalo baadaye likageuka chama.

Mwanzoni mwa 1959 BALUBAKAT iliingia ndani ya CONAKAT, iliyokuja kuongozwa na Moïse Tshombe. Mwaka haukuisha, ikatoka. Tshombe na wenzake walitaka Katanga ijitawale. Sendwe, ingawa nguvu zake zilitoka kwa kabila lake, alitaka Kongo moja.

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 ulimpa Sendwe kiti cha bunge la taifa. Katika bunge la jimbo CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Sendwe ukafuata nyuma kidogo tu. Lumumba alimchagua awe komisheni wa serikali huko Katanga, lakini tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe akatangaza kujitenga, na kazi hiyo ikabaki kwenye karatasi.

Kaskazini mwa jimbo Waluba wakaasi, na askari wa Tshombe wakachoma vijiji. Mwezi wa kumi ONU ilimpeleka Sendwe kwa watu wake ili awatulize. Pengine hakuna mwingine ambaye wangemsikiliza, na hata yeye sauti yake haikufika kote: tarehe 8 mwezi wa 11, huko Niemba, vijana Waluba waliwashambulia askari wa ONU kutoka Ireland, na 9 kati yao wakafa. Mwaka uliofuata, mjini Élisabethville, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU wakiogopa kuuawa. Vita haikuwa tena ya wanasiasa tu.

Mwezi wa nane 1961 Sendwe akawa naibu waziri mkuu wa pili katika serikali ya Cyrille Adoula. Alikaa mpaka mwanzo wa 1963, wakati uleule ambapo Katanga ya Tshombe ilianguka. Mwezi wa tisa akachaguliwa kuongoza jimbo jipya la Katanga ya Kaskazini, makao yake Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Hapo, adui hakuwa Tshombe tena. Ndugu wa BALUBAKAT walikuwa wamegawanyika, na mwezi wa tatu 1964 wakamwangusha. Baadaye kidogo akarudishwa kitini. Mwisho wa mwezi wa tano uasi ukazuka mjini. Jeshi la taifa liliukomboa mji, lakini si kwa muda mrefu. Tarehe 19 mwezi wa sita 1964, waasi walipoiteka Albertville, Sendwe aliuawa. Alikuwa na miaka 47 hivi. Ni nani hasa aliyetoa amri, mpaka leo haijaeleweka vizuri.

Jina lake lilirudi Lubumbashi, likaandikwa juu ya mlango wa hospitali.