Fundi wa Saa Aliyeacha Duka Lake kwa Ajili ya Kazi ya Mkewe

Karibu kila parokia ina mabinti wanaoitwa Tereza, na picha ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, yule sista mwenye mawaridi kifuani, imetundikwa katika nyumba nyingi za waamini. Mtoto tunamjua. Wazazi wake je? Leo nataka tukae kidogo na mama yake, Zélie Guérin, aliyeolewa na fundi wa saa aitwaye Louis Martin. Nimemchagua kwa sababu katika nyumba nyingi siku hizi ni biashara ya mama inayolipa karo, na mara nyingi hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mume hunyamaza, kisha huanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Zélie alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika kijiji cha Gandelain, sehemu ya Normandie nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikuwa mkali kupita kiasi, na msichana huyo alikua bila kupewa hata mwanasesere wa kuchezea. Alipofikia umri aliomba kujiunga na masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo waliohudumia wagonjwa katika mji wa Alençon, akakataliwa. Louis naye alikuwa amepanda milima ya Alps kuomba kuingia monasteri ya Mtakatifu Bernardo, akaambiwa akajifunze Kilatini kwanza, na baada ya kujaribu kwa muda akaliacha jambo hilo. Wako Wakristo wanaosema kwamba ndoa ni ya wale walioshindwa utawa. Basi hawa wawili walizuiliwa mlangoni kweli, na bado Mungu alikuwa na kazi nao.

Zélie alishika sindano. Mji wa Alençon ulisifika kwa lesi, kile kitambaa chepesi chenye matundu na maua unachokiona kwenye pindo la kitambaa cha altare. Lesi ya huko haisukwi kwa mashine. Mchoro hutobolewa juu ya kipande cha ngozi, kisha mafundi hupitisha uzi mwembamba kwa sindano, kila mmoja akiwa na mshono wake aliobobea. Sentimita moja ya mraba huchukua saa 7 za kazi. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Zélie alianzisha biashara yake akiwa bado msichana. Aligawa kazi kwa wanawake walioshonea nyumbani kwao, nao siku ya Alhamisi walimletea vipande vilivyokwisha. Yeye mwenyewe alijiwekea kazi ngumu kuliko zote, ya kuviunganisha vipande hivyo hata jicho lisione mahali pa kiungo.

Alikutana na Louis mwaka 1858 akivuka daraja la Saint-Léonard mjini humo. Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Julai, walifunga ndoa katika kanisa la Notre-Dame. Yeye alikuwa na miaka 26, Louis 34. Siku hiyo hiyo walisafiri kwenda Le Mans kumtembelea dada yake Zélie aliyekuwa mtawa, na huko bibi arusi akalia kuliko alivyowahi kulia. Alikuwa amefika siku ya harusi bila kuelezwa na mtu yeyote mambo ya mume na mke, na moyo wake ulikuwa bado unatamani konventi. Hebu fikiri, mume, ungefanyaje na bibi arusi wa namna hiyo? Louis hakukasirika. Aliuelewa moyo wake, kwa maana na wake ulikuwa hivyo hivyo. Kwa miezi 10 waliishi kama kaka na dada, mpaka padre muungamishi alipowashauri kwamba wito wao ni mwingine. Nanyi mnaowatayarisha vijana kwa ndoa, msiwafiche mabinti mambo haya kwa kuona haya.

Wakapata watoto 9. Hapo ndipo maisha yakawa ya mbio: mimba, watoto wadogo, wafanyakazi wa Alhamisi, wateja wa Paris wanaotaka mzigo wao kwa haraka. Zélie aliamka mapema na kulala usiku sana. Tuna barua zake zaidi ya 200, na ndani yake hakuna malaika. Yumo mwanamke aliyechoka, anayelalamika kwamba lesi inamnyima usingizi, anayecheka udhaifu wake na kuhesabu pesa. Louis alisafiri kwenda Paris kutafuta oda, na mwaka 1863 akiwa huko alimwandikia akimsihi afanye kazi kwa utulivu na kiasi, kwamba kwa msaada wa Mungu nyumba yao itasimama. Katika barua hiyo alijiita mume wake na pia rafiki yake. Mama msomaji, je, wa kwako amewahi kukuita rafiki?

Mwaka 1870 Louis alifanya jambo ninalotaka wanaume wenzangu walitazame vizuri. Aliuza duka lake la saa kwa mpwa wake. Duka lenyewe halikuwa limefilisika, na ufundi wake ulimpa heshima mjini. Lakini aliona kwamba lesi ya mkewe imekua na mkewe anazidiwa, basi akaacha kazi yake akaingia katika ya mkewe, akashika vitabu vya hesabu, barua na safari. Sisomi mahali popote kwamba alijiona amepungukiwa uanaume. Jioni alicheza na binti zake, na siku za mapumziko alikwenda kuvua samaki, akawapelekea masista Waklara sehemu ya samaki hao. Ukimwona mwanamume anayehesabia kila shilingi mkewe aliyoingiza kibandani lakini habebi hata gunia, mpelekee habari za Louis Martin.

Wala wasidhani wengine kwamba pesa iliwapofusha. Louis alipokuwa bado na duka hakulifungua Jumapili, ingawa ndiyo siku watu wa mashambani walipofika mjini na kununua. Marafiki walimshauri aache angalau mlango wa pembeni wazi. Alikataa. Zélie aliamini kwamba nyumba yao haikukosa kitu kwa sababu hiyo. Wafanyakazi wake alipenda kuwatendea kama watu wa nyumba, na walipougua alikwenda kuwatazama.

Sasa nije kwenye jambo zito. Kati ya watoto 9 walizika 4. Mtoto Joseph alikufa mwaka 1867 akiwa na miezi 5. Akaja mwingine, wakampa pia jina la Joseph, akafa mwaka 1868 akiwa na miezi 8. Mwezi wa Februari 1870 alikufa Hélène, msichana wa miaka 5 aliyekuwa tayari anaongea na kucheza. Oktoba mwaka huo huo akafuata kichanga Mélanie-Thérèse, aliyekuwa amekabidhiwa kwa yaya wa kunyonyesha ambaye hakumtunza. Watu walimwambia Zélie kwamba ingekuwa heri asingewazaa. Maneno hayo hakuyavumilia. Aliona kwamba uchungu wake hauwezi kupimwa na furaha ya milele ya watoto wake, na alitarajia kuwaona tena juu. Enyi majirani na wanajumuiya, mnapokwenda matanga ya mtoto, chungeni midomo. Mama aliyezika kichanga ni mama wa kichanga hicho hata leo, na akikihesabu anapoulizwa ana watoto wangapi, msimsahihishe.

Tereza alizaliwa tarehe 2 Januari 1873, naye akakaribia kufuata ndugu zake. Zélie hakuwa na maziwa. Alfajiri moja mwezi Machi alitembea kwa miguu mpaka kijiji cha Semallé, mwendo wa kilomita kama 8, kumwita mwanamke mmoja mkulima, Rose Taillé. Rose alikuja, akamweka mtoto kifuani, na mtoto akapata nguvu. Tereza alikaa shambani kwa Rose mwaka mzima na zaidi. Tunapomheshimu mtakatifu huyu, tumkumbuke pia mama mkulima aliyemnyonyesha.

Alikuwako pia Léonie, mtoto wa tatu, mgumu, mgonjwa mara kwa mara, asiyeelewana na mtu. Shule hazikumweza. Mwaka 1877 ndipo ilipogundulika kwamba msichana wa kazi alikuwa akimtisha kwa siri na kumtawala kwa hofu. Zélie alikuwa ndani ya nyumba ile ile, mama mwangalifu, mwenye sala, na hakuliona. Hili linanitisha zaidi kuliko vifo. Mtoto wenu mnayemwita mkaidi, mmewahi kumwuliza anaogopa nini mnapokuwa kazini?

Wakati huo Zélie mwenyewe alikuwa anakufa. Uvimbe wa titi ulikuwa umemsumbua kwa miaka, na Desemba 1876 daktari alimweleza kwamba upasuaji hautasaidia tena. Akina mama, msikae na uvimbe mkingoja kazi iishe, kwa maana kazi haiishi. Juni 1877 alikwenda hija Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa. Hakupona. Alirudi, akaendelea na lesi kadiri mkono ulivyoweza, na usiku wa tarehe 28 Agosti akafariki akiwa na miaka 45. Kilichomtesa mwishoni kuliko maumivu ni hali ya Léonie.

Louis aliachwa na mabinti watano. Alipenda Alençon, huko ndiko kulikokuwa na marafiki na kaburi la mkewe, lakini Novemba 1877 alihamia Lisieux ili watoto wawe karibu na mjomba na shangazi yao. Hakuoa tena. Mabinti watatu waliingia Karmeli mmoja baada ya mwingine, naye akawatoa. Mwaka 1889 ugonjwa wa ubongo ulimfikisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu, na watu wakasema ya kusema. Alifariki tarehe 29 Julai 1894. Léonie, baada ya kushindwa utawa mara tatu, aliingia kwa Wavisitasyoni wa Caen mwaka 1899 na hakutoka tena hadi kufa kwake mwaka 1941.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, katika tendo moja, tarehe 18 Oktoba 2015, maaskofu wakiwa Roma katika Sinodi juu ya familia. Kwa kawaida Kanisa humkumbuka mtakatifu siku aliyokufa. Wao hukumbukwa tarehe 12 Julai, siku ya arusi yao.