Daktari Semmelweis na Somo la Kunawa Mikono

Jina la Ignaz Semmelweis hutajwa katika masomo ya afya kwa jambo moja tu, kwamba aliwaamuru madaktari wanawe mikono. Katika makala haya tunakusudia kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana, yaani Semmelweis kama mwalimu wa watu wazima. Watu aliotaka kuwabadilisha hawakuwa watoto. Walikuwa wanafunzi wa udaktari, na juu yao maprofesa waliomzidi umri na cheo.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 mjini Buda, Hungaria, mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula. Mwaka 1837 alikwenda Vienna kusomea sheria, lakini mwaka uliofuata akaiacha, akashika udaktari. Alihitimu mwaka 1844, na mwezi Julai 1846 akawa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya Vienna.

Wazazi hao waligawanywa katika kliniki mbili, nazo zote mbili zilikuwa madarasa. Ya kwanza ilifundisha madaktari, ya pili wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, leo huku, kesho kule, wala hakuna aliyewachagua kwa hali zao. Walakini mwaka 1846 katika kila wazazi 100 walikufa wasiofika 3 kwa wakunga, na zaidi ya 11 kwa madaktari. Kilichowaua zaidi ni homa ya uzazi. Akina mama wa mjini waliijua tofauti hiyo vizuri. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kliniki ya kwanza, na wengine walijifungulia njiani. Nao hao wa njiani, ajabu, walipona kuliko waliozalishwa na wasomi.

Semmelweis alizipima sababu zote zilizotajwa, moja baada ya moja. Msongamano? Kliniki ya pili ndiyo iliyojaa zaidi. Hewa mbaya? Hewa ilikuwa moja. Aliagiza wazazi walazwe ubavu kama ilivyokuwa kwa wakunga, vifo havikupungua. Alimwomba padri aliyepita na kengele kuwapelekea sakramenti waliokuwa wakifa apite njia nyingine bila kengele, kwa kudhani hofu ndiyo iliyoua; vifo havikupungua. Walimu wenzetu wa sayansi wangefanya vema kuisoma orodha hii pamoja na wanafunzi wao, maana dhana iliyokataliwa kwa ushahidi hufunza sawa na ile iliyokubaliwa.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake alikuta dalili zilezile za akina mama. Basi fumbo likafumbuka. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei aliamuru kila anayeingia anawe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2. Mwezi Oktoba wanawake 12 walipimwa baada ya mgonjwa mmoja wa saratani, wakafa 11. Hapo akatambua kwamba uchafu unaooza, hata wa mtu aliye hai, unaua, akaagiza mikono inawiwe baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Sasa tuje kwenye ualimu wake. Aliweka bakuli, akatoa amri, akasimamia. Hakuandika. Marafiki zake, Hebra na Skoda, ndio walioandika na kusema kwa niaba yake, na kwa kuwa maandishi ya kwanza yalitilia mkazo maiti, wengi wa nchi za nje waliielewa nusu tu ya habari. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya chama cha madaktari mwaka 1850, miaka mitatu baadaye.

Tena somo lenyewe lilikuwa zito. Mtoto ukimwambia anawe, hunawa. Daktari wa makamo akiambiwa hivyo huuliza moyoni: je, waliokufa miaka yote iliyopita aliwaua nani? Gustav Michaelis wa Kiel, Ujerumani, aliliamini somo hili mapema, akaanzisha kunawa katika hospitali yake. Lakini alikuwa amemzalisha binamu yake, naye akafa kwa homa hiyo. Mwaka 1848 Michaelis alijiua. Hatujui katika historia ya elimu ya afya mwanafunzi aliyelielewa somo kwa gharama kubwa kuliko hiyo.

Mkataba wa Semmelweis haukuongezwa mwaka 1849. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kufundisha kwa sanamu tu; akaondoka Vienna pasipo kuwaaga hata marafiki, akarudi kwao. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, kati ya 1851 na 1857, walijifungua wazazi 933, wakafa kwa homa hiyo 8 tu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kirefu na chenye kurudiarudia, kisha zikafuata barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji. Hatuwatetei wapinzani hao. Lakini barua hizo ziliifunga milango ambayo takwimu zilikwisha kuifungua.

Mwezi Julai 1865, akili yake ikiwa imevurugika, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna. Walinzi walimpiga. Alikufa tarehe 13 Agosti, umri wake miaka 47, kwa jeraha lililotia sumu damuni, yaani kwa maradhi yaleyale aliyoyapiga vita.

Alichokosa siku zote ni kitu cha kuwaonyesha watu kwa macho. Mwaka 1879, mjini Paris, daktari mmoja alikuwa akieleza sababu nyingine za homa ya uzazi mbele ya wenzake, Louis Pasteur akamkatiza, akaenda ubaoni, akachukua chaki na kuchora vijidudu vyenyewe, vimepangana kama shanga.