Kaburi la Nyeri na Meli ya Nchi za Barafu

Mtu aliyezaliwa Lamu akapelekwa kufundisha Nanyuki hahitaji kuelezwa barafu ni kitu gani. Maji ya udhu wa alfajiri yanatosha kumfundisha. Mbele ya nyumba ninayokaa umesimama Mlima Kenya, na asubuhi mawingu yakifunguka vilele vya Batian na Nelion huonekana vina weupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Wazee wa hapa wanasema weupe ule zamani ulikuwa mwingi kuliko huu, nao wanasema kweli, kwani barafu ya mlima inayeyuka mwaka hadi mwaka, na ile iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki kipande tu.

Kila mwezi wa Februari maskauti wa Kenya hukutana Nyeri kumkumbuka aliyeanzisha chama chao, Bwana Robert Baden-Powell, ambaye amezikwa huko. Mwaka mmoja nilifuatana na maskauti wa shule yetu, na njiani kijana mmoja akaniuliza swali. Alikuwa amesoma kwamba chama hiki kiliwahi kumiliki meli iliyokwenda nchi za barafu. Akataka kujua, kwa kuwa mimi ndiye peke yangu garini niliyezaliwa baharini, vipi mtu aliyelala chini ya mlima, mbali na pwani namna ile, awe na habari ya meli. Siku ile sikuwa na jawabu la kumridhisha. Nimelitafuta tangu hapo, na ndilo ninalomwekea msomaji leo.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa Oxford, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na mama ndiye aliyewalea watoto. Kaka yake mkubwa, Warington, alikuwa baharia wa jeshi la majini kabla ya kugeuka mwanasheria, na alipokuwa likizoni aliwachukua wadogo zake chomboni na kuwafunza tanga, usukani na kamba. Kwa hiyo kabla ya kujua bunduki, Baden-Powell alijua kushika demani. Sisi wa pwani tunaelewa mafunzo ya namna hiyo. Kaka akiwa ndiye nakhodha, mdogo hapati hata nafasi ya kulalamika kwamba mawimbi yamemtia kichefuchefu.

Mwaka 1876 aliingia jeshini akapelekwa Bara Hindi, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ikawa kulitumikia dola la Waingereza. Hapa lazima nisimame kidogo, maana wasifu mwingi wa mtu huyu huruka kurasa hizi kama mtu arukaye dimbwi. Alikuwamo katika safari ya kijeshi ya mwaka 1895 na 1896 iliyomwondoa Mfalme Prempeh wa Ashanti, ambaye baadaye alihamishiwa uhamishoni Shelisheli, katika bahari yetu hii, na hakurudi kwao mpaka 1924. Mwaka huo huo wa 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alimfikisha Chifu Uwini mbele ya mahakama ya kijeshi na chifu yule akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa, na Baden-Powell akaonekana hana kosa. Kisha vikaja Vita vya Makaburu, na mji wa Mafeking ukazingirwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ulinzi, na mji uliponusurika Uingereza nzima ililisherehekea jina lake. Kilichosemwa kidogo ni kwamba chakula kilipopungua mle mjini, Waafrika ndio waliopata kidogo zaidi, na wengine walikufa kwa njaa.

Katika Mafeking vijana walitumiwa kupeleka barua na kulinda zamu. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao ishirini, wengine watoto wa matajiri na wengine wa wafanya kazi, akapiga nao kambi kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha maskauti, na kabla hata hajapanga chama, vijana walikuwa wamekwisha kujipanga wenyewe. Mwaka 1910 aliacha jeshi akiwa na umri wa miaka 53, akashughulika na jambo hili moja mpaka mwisho. Mke wake, Olave, alikutana naye melini, katika safari ya mwaka 1912. Alikuwa amemzidi bibi huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari.

Skauti wa Bahari walikuja mapema, na kaka Warington ndiye aliyewaandikia kitabu chao cha mafunzo. Lakini habari ya barafu ilianza hasa mwaka 1921. Msafiri Ernest Shackleton alikuwa akijitayarisha kwenda tena bahari za kusini kwa meli iitwayo Quest, akatangaza kwamba atachukua skauti. Wengi waliomba, wakachaguliwa wawili. Mmoja bahari ilimshinda mapema akarudishwa kwao. Wa pili, James Marr wa Aberdeen, alistahimili. Shackleton alifariki katika safari hiyo mwezi Januari 1922, lakini Marr alirudi salama, akasomea viumbe vya baharini, na mwaka 1929 akaenda kusini tena akiwa mtaalamu ndani ya meli iitwayo Discovery. Hiyo ndiyo meli ya yule kijana wangu.

Discovery iliundwa Dundee, Uskochi, ikashushwa majini tarehe 21 Machi 1901. Wazee wetu waliobeba magunia bandarini wangelijua jina la Dundee, kwa sababu ndio uliokuwa mji wa viwanda vya jute, na jute ile ililainishwa kwa mafuta ya nyangumi. Kwa kuwa mji ulihitaji nyangumi, mafundi wake walijua kuunda vyombo vya mbao vya kuingia katika barafu. Meli hii ina milingoti mitatu, urefu wake ni kama mita 52, na mbavu zake ni tabaka juu ya tabaka za mbao ngumu, unene wa zaidi ya nusu mita. Omo yake imevikwa mabamba ya chuma na imeinamishwa makusudi, ili inapofika penye barafu ipande juu yake, kisha uzito wa meli uivunje kwa chini. Rafadha na usukani viliweza kuvutwa juu visivunjike. Hata hivyo haikuwa na nguvu za meli halisi za kuvunjia barafu zilizokuja baadaye, kama Krasin, ambayo leo ni makumbusho St. Petersburg, au Lenin iliyoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ambayo imewekwa Murmansk. Kwenye bahari wazi ilikuwa ikiyumba vibaya mno.

Kapteni Robert Scott aliondoka nayo Agosti 1901. Mapema mwaka 1902 ikashikwa na barafu huko Antaktika, na pale ilikaa miaka miwili. Watu walipita katika usiku wa miezi, wakila nyama ya sili, meli imesimama kama imejengwa pale. Haikutoka mpaka Februari 1904, meli mbili zilipokuja kuisaidia na baruti ikatumiwa kupasua barafu. Msomaji anaweza kukadiria mbao zile zilikuwa za aina gani, kubanwa miaka miwili na zisipasuke.

Baada ya utukufu huo iliuzwa. Ilibeba bidhaa za kampuni ya Hudson's Bay, ikabeba silaha kwenda Urusi katika Vita Kuu vya Kwanza, ikafanya utafiti wa nyangumi, ikarudi kusini na Mawson kati ya 1929 na 1931. Kisha ikafungwa gatini London, haina kazi. Kila mwenye chombo anajua maana yake. Chombo kisichokwenda hufa haraka kuliko kinachokwenda, kwani mbao hukauka juu na kuoza chini.

Mwaka 1936 ndipo ilipokabidhiwa chama cha maskauti, iwe chuo cha Skauti wa Bahari ikiwa imetia nanga mtoni Thames. Baden-Powell alikuwa anakaribia miaka themanini. Kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa mambo mema ya chama chake ambayo hayasemwi sana. Vijana walilala ndani yake, wakafunga mafundo, wakasugua sitaha. Haikuhifadhiwa kama kitu cha kutazamwa. Ilitumiwa, na kwa kutumiwa ikapata watu wa kuisikitikia.

Yeye mwenyewe hakukaa sana karibu nayo. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na Oktoba 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye viwanja vya Hoteli ya Outspan, ambayo mwenyewe, Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake. Nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill, hii ikaitwa Paxtu, yaani Pax ya pili. Huko alichora wanyama, akaandika vitabu, akaukabili mlima ule ninaoukabili mimi kutoka upande mwingine. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa na askari na maskauti. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njia ya kiskauti ya kueleza kwamba mwendo umekwisha na mtu amekwenda kwao. Bibi Olave alifariki 1977 na majivu yake yakaletwa hapo. Paxtu ni makumbusho sasa, ndogo na nadhifu. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba milia wa Bara Hindi, alikaa humo baadaye, naye kazikwa makaburini hapo hapo.

Na meli? Wakati wa Vita Kuu vya Pili iling'olewa mitambo ikawa chuma chakavu. Vita vilipokwisha, maskauti hawakuweza gharama zake, na katikati ya miaka ya 1950 wakaiachia serikali, ikawa ya mazoezi ya wanamaji wa akiba. Kufika 1979 nao wakaichoka, na hali yake ilikuwa mbaya. Ingewezekana siku hizo kuikata kuni. Chama cha kuhifadhi vyombo vya zamani kikaichukua, kikaanza kuitengeneza, na mwaka 1986 ikarudishwa Dundee ikiwa imepakiwa juu ya meli nyingine. Watu walijaa ufukoni kuipokea. Tangu 1993 ina jumba lake kando, na mgeni hupanda akaona vyumba vya maofisa, jiko, na zile mbao.

Ukihesabu, miaka ya maskauti ni chini ya ishirini katika umri wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Lakini ni ile miaka ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Walishindwa kuitunza kama ilivyostahili, na wakaipitisha ikiwa bado inaelea.

Nilimweleza kijana yote haya. Akafikiri, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimewahi kuwasimulia darasani jahazi la babu yangu, lililobeba boriti na chumvi likifuata kaskazi na kusi. Akataka kujua jahazi lile limewekwa wapi ili siku wakija pwani wakalione.

Nilimwambia kweli. Babu alipofariki hakuna aliyekuwa na fedha za kulikalafati. Lilivutwa pwani likalala ubavu misimu miwili, na wajomba wakaliuza kwa mwenye tanuu la chokaa. Mbao zake zilichoma matumbawe, na chokaa ile ikapakwa nyumba za watu. Siwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Wala si jahazi letu peke yake. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulitoweka wote, na leo tunao kwa mifano. Mmoja wa ukubwa kamili uliundwa Unguja ukawekwa ndani ya Beit-el-Ajaib, na jengo lile lenyewe likaporomoka sehemu Desemba 2020. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, vimewekwa vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980 kutoka Santo António de Tanna, manowari ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697. Meli ya waliotuzingira tumeitafutia kabati. Majahazi yetu tumeyapakaza kuta.

Kitu kimoja kilibaki kwa babu, kapi la mti wa mkwaju lililopandishia foromali. Mama alilitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Likizo iliyofuata nililifunga katika kikoi nikapanda nalo basi mpaka Nanyuki, na siku ya kwanza ya muhula nikaliweka mezani. Watoto walilipokezana dawati hadi dawati. Wa nyuma kabisa alilinusa, akakunja uso, akauliza harufu ile ni ya nini. Ni sifa ya papa, nikamweleza, na nikaanza kuwachorea ubaoni tangu mkuku.