Louis Pasteur na Hamira

Kila nikiona unga wa kisra uliokorogwa ukichachuka hapa New Site, Juba, humkumbuka Louis Pasteur. Wengi wanamjua kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi yake ya hamira.

Alizaliwa mwaka 1822 huko Dole, Ufaransa, mtoto wa mtengenezaji wa ngozi. Mwaka 1856, akiwa profesa mjini Lille, mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari alimwomba msaada, maana mapipa yake yalikuwa yakiharibika. (Pombe tuiache, tutazame hadubini.) Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani, alifundisha kuwa kuchachuka ni kuoza tu. Pasteur hakuwa wa kwanza kusema hamira ni kiumbe hai, lakini majaribio yake ndiyo yaliyowashawishi wengi.

Mwaka 1861 akaeleza jambo la ajabu zaidi. Hamira ikipata hewa huongezeka sana kwa sukari kidogo. Ikinyimwa hewa humaliza sukari nyingi, nayo haikui sana. Yaani seli moja isiyo na ubongo hupima hali yake na kubadili ulaji wake! Leo tunajua protini zinazopokezana habari humo: TOR huhimiza ukuaji chakula kikiwa tele, Snf1 huamka glukosi ikipungua.

Kati ya 1859 na 1866 alizika mabinti watatu. Mwaka 1868 akapooza upande wa kushoto, akarudi maabara hivyo hivyo. Kitabu chake juu ya bia kilitoka 1876, miaka 19 kabla hajafa.