Baba ya Simba: Maisha Yanayomfaa Mwanagenzi wa Kotile

Hapa Kotile wapo vijana wanaomaliza shule na kuuliza watapataje uanagenzi katika kazi ya wanyamapori, hasa kwa kuwa tuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya hirola. Baadhi yao hudhani kazi yenyewe ni kukumbatia mtoto wa mnyama na kupigwa picha. Mimi huwasimulia maisha ya mzee mmoja aliyeishi kando ya mto huu huu wetu wa Tana, juu kidogo ya Garissa, akafia huko na kuzikwa huko. Naye ni George Adamson, aliyeitwa Baba ya Simba.

Alizaliwa Etawah, India, tarehe 3 Februari 1906, akaja Kenya mwaka 1924. Alihangaika na kazi nyingi: alitafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akawaongoza wageni wa kuwinda. Mwaka 1938 akaajiriwa na idara ya wanyama, akawa bwana nyama wa jimbo la kaskazini. Eneo lake lilikuwa kubwa na kavu, na safari nyingi zilikwenda kwa ngamia. Kazi yake ilikuwa kuwafuata majangili na kuwaua simba waliokula watu na mifugo. Ilikuwa Garissa, mwishoni mwa mwaka 1942, ndipo alipokutana na Joy, ambaye alimwoa mwaka 1944.

Mwaka 1956, akiwa katika msako wa simba aliyekula mtu, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye akagundua kuwa jike yule alikuwa akilinda watoto watatu. Aliwabeba hadi nyumbani Isiolo. Wawili walipelekwa Rotterdam, na mmoja, Elsa, akabaki. Wangeweza kumfuga maisha yake yote, lakini Joy na George waliamua arudi porini. Elsa akafundishwa kuwinda, akakubaliwa na dume la porini, akazaa watoto watatu mwishoni mwa 1959. Alikufa mapema 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Kitabu cha Joy kilifanya habari hiyo ijulikane dunia nzima, kisha ikatengenezwa filamu iliyotoka mwaka 1966.

Filamu ilipokwisha, baadhi ya simba waliotumika walihitaji pa kwenda. George akawachukua Meru kuwafundisha maisha ya porini. Mwaka 1969 mmoja wao, dume aitwaye Boy, alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa hifadhi, na kazi ile ikafungwa. Ndipo mwaka 1970 mzee akahamia Kora, ng'ambo ya kusini ya Tana, sehemu ambayo leo iko kaunti ya Tana River. Pale chini ya majabali akajenga Kampi ya Simba. Mdogo wake Terence alichonga barabara msituni. Waya wa kampi ulizunguka vibanda vya watu, na simba wakubwa walikuwa huru nje. Mwenye kuingia ndani ya boma alikuwa binadamu.

Kazi ya kila siku haikuwa na maajabu. Asubuhi ni kutembea na simba wachanga kichakani wajue harufu, nyayo na njia za maji. Jioni ni kuita, kuhesabu, kupeleka nyama na kutibu majeraha. Siku zikisonga nyama hupunguzwa, hadi mnyama ajitafutie. Simba aliyepotea wiki nzima kisha akaonekana ameshiba, hana haja ya mtu, huyo ndiye aliyefuzu. Christian, aliyenunuliwa katika duka la Harrods, London, mwaka 1969, aliletwa Kora, akajifunza, na mwaka 1973 akaonekana kwa mara ya mwisho akielekea zake.

Mwaka 1971 alifika kijana Mwingereza, Tony Fitzjohn, bila cheti chochote cha wanyama. Huyo twaweza kumwita mwanagenzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa magari, maji, waya na nyama. Mwaka 1975 simba alimrarua shingoni, karibu afe, na mzee akamwokoa. Alipona, akarudi kazini. Kwa jumla alikaa miaka 18, kisha akaenda Mkomazi, Tanzania, kuijenga upya hifadhi ile.

Lakini sitaki kuwapamba watu hawa kupita kiasi. Mwaka 1971 Boy alimuua Stanley, mfanyakazi wa kampi, na George akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea. Wafugaji nao walikuwa na hoja yao. Ukame ukibana, ngamia na mbuzi hufuata mto, na kwa mwenye mifugo simba asiyemwogopa mtu ni hatari. Wapo waliosema toka wakati ule kwamba kazi ile ilikuwa mapenzi ya mzee mmoja tu, na kwamba wenyeji hawakuulizwa. Kwa maoni yangu neno hilo lina uzito mpaka leo.

Miaka ya themanini bunduki zilijaa. Tembo na faru wa Kora wakamalizwa. Joy aliuawa Shaba mwezi Januari 1980. Terence alifariki mwaka 1986. Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi walimshambulia mgeni wa kampi njiani. Mzee, akiwa na miaka 83, akaingia garini kwenda kumwokoa. Alipigwa risasi akafa, pamoja na wafanyakazi wake wawili. Amezikwa Kora, karibu na Terence na simba wake.

Haya yote yanatuhusu sisi wa Kotile. Hirola hapatikani kwa asili ila mpakani huku kwetu na Somalia, na inakadiriwa hawazidi 500. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya uzio wa Ishaqbini, wazaane bila kuliwa na simba na chui. Uzio ule umo katika ardhi ya jamii, na hilo ni jambo ambalo Kora haikuwa nalo. Ukidumu, utadumu kwa sababu wafugaji wenyewe wameukubali.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaogawa nafasi za uanagenzi: waanze na vijana wa vijiji vya mto, wanaojua nyayo na wanaojua maumivu ya kupoteza ng'ombe. Nanyi vijana, mkipewa nafasi, msione haya kubeba maji, kukarabati waya na kuandika hesabu kila jioni. Fitzjohn alianzia hapo. Na mnyama mliyemlea akiondoka bila kugeuka nyuma, msisikitike, maana mmeimaliza kazi.